Pampu ya Mbayuwayu

Jina la nchi hiyo halitajwi hapa, kwa kuwa sheria yake inamtaka kila anayelitaja asimame wima na kuvua kofia, na haijulikani msomaji amekaaje. Itoshe kusema ilikuwa nchi yenye furaha. Furaha yenyewe ilitangazwa redioni kila siku saa mbili asubuhi, baada ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, na raia ambaye haikumfikia alitakiwa kuifuata mwenyewe ofisini kwa mkuu wa wilaya, akiwa na picha mbili ndogo.

Humo aliishi Injinia Athanas Dihenga, fundi wa ndege za jeti. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Akisimama mbele ya injini inayonguruma, alifumba macho na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza ungamo, kisha akasema, "Beringi ya nyuma imeanza kuchoka," na ikifunguliwa, beringi ya nyuma ilikuwa imechoka. Hakufunga kifuniko cha injini mpaka kila spana irudi ubaoni mahali pake. Siku moja ndege ya wakubwa ilichelewa saa nne kwa sababu spana ndogo namba kumi haikuonekana. Ilipatikana kwenye mfuko wa mlinzi wa waziri, aliyeiona inafaa kujikunia mgongo. Dihenga aliandikiwa barua ya onyo kwa kukosa imani na mlinzi.

Zamani nchi ilikuwa na jeti tano, zote za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Ya kwanza ilipoharibika, spea hazikupatikana, ikanyofolewa ili nyingine ziishi. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Kwa miaka kumi na tisa Dihenga alihamisha viungo kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, akiandika kila kimoja kimetoka wapi, kimeingia wapi, na kimebakiza saa ngapi za kuruka. Magofu matatu yalilala nyuma ya karakana, na kuku wa walinzi walitagia kwenye viti vya daraja la kwanza.

Zilizobaki zikiruka ni mbili. Tai ilikuwa ya Mlezi wa Taifa, yaani rais, ila neno rais lilikuwa limeonekana dogo likafutwa. Mbayuwayu ilikuwa ya wagonjwa. Kila Jumatano ilipanda na dawa hadi hospitali ya Ruhembo, kule kwenye nyanda za juu ambako barabara haifiki, ikateremka na wagonjwa walioshindikana. Barabara ya Ruhembo iliishia mtoni. Daraja la mto huo lilikuwa limezinduliwa mara tatu, kila mara kwa utepe mpya, na lililobaki ni kulijenga tu.

Huko Ruhembo ndiko alikokuwa mke wake, Skolastika, muuguzi mkuu. Miaka sita iliyopita serikali ilianzisha Uhamisho wa Upendo, uliowatenganisha wanandoa ili mapenzi yaliyokuwa yakiishia majumbani yaelekezwe kwa taifa. Tangu hapo wawili hao waliishi kwa simu na kwa Jumatano. Dihenga alimpelekea sabuni, majani ya chai na betri za redio. Skola alimrudishia maharage, asali, na vikaratasi vya maneno mawili matatu, alivyovikunja na kuvitia ndani ya maharage ili rubani asivisome. Rubani, Kapteni Zuhura Mwinyipembe, alikuwa akivisoma vyote.

*

Jumanne moja asubuhi Waziri wa Anga na Mambo ya Juu, Mheshimiwa Kasiano Bambalawe, alifika karakana akiwa na magari saba. Jumatano ya kesho yake ilikuwa siku ya kawaida, lakini Alhamisi Mlezi wa Taifa alipaswa kuruka ng'ambo kupokea tuzo. Baraza moja la huko, ambalo halikuwahi kufika nchini, lilikuwa limesoma taarifa za wizara na kuguswa sana. Tuzo iliitwa Bawa la Dhahabu, kwa kiongozi aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuwarusha wagonjwa wa vijijini.

"Nimesikia umeifungia Tai," waziri alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Pampu ya mafuta ya injini ya kushoto imekufa. Nimekuta vumbi la chuma kwenye chujio. Ikiruka hivi, injini inaweza kuzima hewani."

"Ndege ya Mlezi haifi kitu, Injinia. Chagua maneno."

"Basi imepumzika, Mheshimiwa."

"Hapo sawa. Kwa nini hukuagiza nyingine?"

"Niliagiza miaka miwili iliyopita."

Ni kweli aliagiza. Zabuni ilitangazwa, ikapata mshindi, na pampu arobaini zilifika bandarini kwa matarumbeta. Zilikuwa za kuvutia maji kisimani. Waziri alizizindua hivyo hivyo, na mpaka siku hiyo zilikuwa zimepangwa ukutani mwa karakana, zikivutia mabuibui.

Waziri alizunguka na tumbo lake, akasimama mbele ya Mbayuwayu. Ilikuwa imeoshwa, iko tayari kwa safari ya kesho yake.

"Hii nayo ina pampu?"

Dihenga alijua swali linakoelekea. Aliangalia chini. "Inayo, Mheshimiwa. Lakini hii ni ya wagonjwa. Kesho ina safari."

"Wagonjwa watasubiri. Kusubiri ndiyo kazi ya mgonjwa, hata hospitalini huwa wanakaa benchi."

"Na dharura ikitokea?"

"Kwa ruhusa ya nani?" waziri aliuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa. Kisha akalainika, akamwekea mkono begani. "Injinia, mimi sikwambii unyofoe. Unaazimisha. Mbayuwayu inaiazima Tai pampu kwa siku nane. Tai inakwenda kuchukua tuzo ya Mbayuwayu, inarudi, inarudisha pampu na tuzo. Hasara iko wapi? Hebu nionyeshe."

Dihenga angeweza kusema hapana. Hakuna mwingine katika nchi nzima aliyejua kuifungua ile pampu bila kuiharibu, na waziri alilijua hilo, ndiyo maana alikuja mwenyewe na magari saba badala ya kutuma barua. Lakini Dihenga alikuwa mtu aliyelelewa kusimama mkubwa anapoingia, na mtu wa namna hiyo hana mazoezi ya kukataa. Alisema, "Naomba amri hiyo kwa maandishi, Mheshimiwa." Waziri akamwandikia papo hapo, kwa mwandiko mzuri.

Mchana Dihenga alimpigia Skola.

"Jumatano mbili tu," alimweleza. "Alhamisi ya wiki ijayo wamerudi."

Nyuma ya Skola mtoto wa mtu alikuwa akilia. "Dawa tunazo za wiki mbili," alisema. "Lakini Dihenga, wewe nati ikilegea unasimamisha ndege nzima, hata awe nani ndani yake. Mtu akikulegezea sauti tu, umekwisha."

"Ni amri, Skola."

"Najua ni amri. Nimesema tu." Kisha akacheka, kwa sababu hakupenda kukata simu wakiwa wamenuna. "Majani ya chai basi nitayaona lini?"

Dihenga alianza kazi saa nane. Ukweli ni kwamba aliifanya vizuri, na ukweli huo ndio uliokuja kumtafuna baadaye. Alifunga mkondo wa mafuta, akakinga matone kwa sufuria, akakata nyaya nyembamba zinazozuia nati zisilegee, akatoa nati moja moja kwa mpangilio wa msalaba ili chuma kisipinde. Pampu ilimwangukia mikononi, nzito, baridi, safi kama yai. Aliibeba hatua arobaini kutoka ndege moja hadi nyingine. Akaifunga, akakaza kila nati kwa kipimo chake, akasokota nyaya mpya. Injini ya Tai ilipowashwa akafumba macho, akasikia sauti moja tu, laini, isiyo na kokoto ndani yake. Alitabasamu. Alitabasamu kabla ya kukumbuka alipoitoa.

Kapteni Zuhura alikuwa amesimama chini ya bawa la Mbayuwayu, akitazama tundu lililobaki kwenye injini.

"Umeniachia banda tupu, Athanas," alisema.

"Siku nane, Kapteni."

Zuhura aliupiga ubavu wa ndege kofi dogo, akaondoka.

*

Tai iliondoka Alhamisi kwa bendi, kwaya tatu na hotuba. Waziri aliwaambia wananchi kwamba zipo nchi ambazo ndege huruka kwa mafuta, lakini ya kwao inaruka kwa uongozi. Dihenga alisimama mbali, akisikiliza injini ya kushoto mpaka ilipopotea mawinguni. Jioni alipelekewa Nishani ya Uungwana, daraja la tatu, pamoja na karatasi ya maelekezo kwamba asiivae mpaka itakapopatikana pini.

Siku ya nane Tai haikurudi. Redio ilisema ziara imezaa ziara. Mlezi wa Taifa alikuwa amepapenda mahali pale, na pale napo, redio iliongeza, palikuwa pamempenda. Siku ya kumi na mbili ilitangazwa kwamba anatembelea shamba la tulipu. Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumatano, ya tatu bila safari ya Ruhembo. Skola aliandika kwa simu kwamba dawa ya shinikizo la damu imekwisha, na kwamba wao wenyewe wapo tu, wanasukuma siku.

Siku ya kumi na sita, Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, simu ya Dihenga iliita. Namba ilikuwa ya Skola lakini sauti ilikuwa ya Tabibu Mgaza, mganga wa Ruhembo.

"Injinia, mama hapa ana maumivu ya tumbo tangu jana. Alinificha, akaendelea na zamu. Asubuhi hii nimempima. Ni kidole tumbo, na kama hakijapasuka, kiko njiani."

"Mpasue," Dihenga alisema. "Si mna chumba cha upasuaji?"

"Chumba tunacho. Daktari wa upasuaji alichukuliwa Machi. Yuko wizarani, kwenye Bodi ya Upasuaji wa Sera. Mimi sijafundishwa hiyo kazi, nikimgusa nitamuua. Akifika huko mjini leo, au kesho mapema, ni kitu cha saa moja, anapona. Tuma ndege."

Dihenga aliegemea ukuta. "Nitatuma," alisema, kwa kuwa hakujua neno lingine.

*

Wizarani alielekezwa Kitengo cha Dharura Zilizopangwa, kwa Bwana Nkwabi, mtu mpole mwenye mihuri sita na kalenda ya mwaka uliopita. Bwana Nkwabi alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua rejista kubwa.

"Tatizo lako halipo, Injinia," alisema kwa furaha. "Mbayuwayu ni nzima. Tena imeruka juzi Jumatano."

"Haikuruka. Haina pampu. Nimeitoa mwenyewe."

"Hapa imeruka. Na Jumatano ile nyingine, na ile nyingine pia. Angalia: wagonjwa kumi na wanne, kumi na wanne, kumi na wanne." Alimgeuzia rejista aone. "Hatungeweza kuandika haikuruka, wakati Mlezi yuko jukwaani anapokea tuzo ya kuruka. Ungekuwa utovu wa adabu."

"Bwana Nkwabi, mke wangu anakufa. Naomba helikopta ya jeshi."

"Ipi?"

Dihenga akakumbuka. Helikopta ya jeshi ilikuwa imepandishwa juu ya nguzo mbele ya makao makuu, ikapakwa rangi ya shaba, iwe mnara wa kumbukumbu ya utayari.

"Basi mkodi ndege nchi jirani. Saa moja na nusu tu inafika."

"Tukodi kwa sababu gani, na ndege tunayo?" Bwana Nkwabi aliuliza. Aliona jasho la mgeni wake, akaingiwa huruma. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa na mke. Alifikiri, akagonga kalamu mezani, uso ukamng'aa. "Anaitwa nani?"

"Skolastika Dihenga."

Bwana Nkwabi aliandika. Aliandika taratibu, kwa herufi za kupendeza, kisha akachagua muhuri wa tatu na kuugonga.

"Nimekusaidia kinyume cha taratibu," alinong'ona. "Orodha ya juzi ilikuwa na nafasi. Nimemwingiza. Sasa ameshasafiri. Na nimempa kiti cha dirishani."

Dihenga alitazama jina la mkewe likikauka wino katika ndege ambayo haikuwahi kuruka, siku moja kabla hajaugua. Alitaka kumpiga Bwana Nkwabi. Badala yake alisema ahsante, kwa mazoea, akatoka mbio.

*

Saa nne alikuwa nyuma ya karakana, akifukuza kuku. Katika magofu matatu zilibaki pampu mbili za mafuta, zote alizokwisha kuzikataa mwenyewe miaka iliyopita. Moja ilikuwa na kasha zima na meno ya gia yaliyolika. Nyingine ilikuwa na meno mazuri na kasha lenye ufa. Alizipeleka mezani, akazifumua, akaanza kutengeneza moja kutoka mbili.

Kapteni Zuhura alikuja bila kuitwa. Alivua koti la urubani, akashika tochi.

Dihenga hakuwahi kufanya kazi kama ile, na hakuifanya tena. Alipima meno kwa unene wa unywele. Alisugua, akaosha, akapaka mafuta, akapima tena. Mipira ya kuzuia mvujo haikuwepo, akakata mipya kwenye ile mipira minene ya pampu za kisima, na hiyo ikawa siku ya kwanza kwa zabuni ile kulifaa taifa. Saa nane na nusu pampu ilikuwa imefungwa kwenye injini ya Mbayuwayu, nyaya zimesokotwa. Kila spana ilikuwa ubaoni.

Walikuwa na saa tatu na nusu za mwanga. Kwenda Ruhembo dakika hamsini, kurudi hamsini. Uwanja wa huko haukuwa na taa.

Zuhura alipanda, akawasha. Injini iliguna, ikashika, ikapanda sauti. Dihenga alifumba macho. Aliisikia mara ya kwanza: laini. Ya pili: laini. Aliyafumba zaidi, akaomba asisikie kitu. Dakika ya sita akakisikia, chini kabisa ya ngurumo, kama mtu anayesaga punje ya mchanga kwa jino la mwisho.

Alimpungia azime. Akafungua chujio la mafuta, akalimwagia kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la chuma lilimetameta juani, jingi kuliko lile la Tai.

Zuhura aliteremka, akaliona. Walitazamana.

"Imekwenda dakika sita," Zuhura alisema. "Safari yote ni mia moja."

"Najua."

"Inaweza kufika."

"Inaweza. Au izime pale kwenye ukingo wa milima, ambapo huna pa kutua. Na Skola yuko ndani. Na Tabibu ameniambia atawapandisha na wengine watatu."

"Injini ya kulia ni nzima."

"Kwa kupaa kutoka Ruhembo, kwenye uwanja mfupi vile, na hewa nyepesi ya huko, moja haitoshi. Unajua wewe kuliko mimi."

Zuhura alikuwa anajua. Alikaa juu ya gurudumu, akaweka mikono magotini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Athanas, nimeruka na Skola tangu siku alipohamishwa. Mimi naogopa kama mtu yeyote. Lakini wewe ukisaini, ninapanda sasa hivi, wala sitakuuliza mara mbili. Sema tu."

Kalamu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa karatasi moja, mstari mmoja. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameweka sahihi yake ya kuruhusu Tai iruke, kwa ajili ya mtu ambaye hakumpenda wala kumheshimu, kwa sababu tu alikuja na magari saba. Sasa aliitafuta sahihi hiyo kwa ajili ya mtu wa maisha yake, akajikuta hawezi kuiandika. Mkono ulikataa. Mkono ulijua kazi yake kuliko alivyoijua yeye.

"Siwezi," alisema. "Siwezi kukuua, Kapteni."

Alikaa chini sakafuni, katikati ya zana zake, akalia kwa sauti. Zuhura aliendelea kukaa pale kwenye gurudumu, mpaka jua likaanza kuinama na haikuwa na maana tena kuamua.

*

Saa kumi na moja Dihenga aliongea na Skola. Alimweleza yote bila kujitetea: pampu mbili, mipira ya kisima, dakika sita, vumbi.

"Lilikuwa jingi?" Skola aliuliza. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Jingi."

"Basi ungefanyaje."

"Ile ya kwanza, Skola. Ile ya kwanza ningekataa."

"Ile ndiyo," Skola alisema. Hakumwambia si kosa lake. Alikuwa mwanamke mkweli, na muda wake wa kusema mambo ulikuwa mdogo. "Usikate. Niambie unaona nini hapo."

Akamwambia. Ndege, kuku, majani makavu yanayopeperuka kwenye njia ya kurukia. Aliendelea kusema hata alipokuwa hajibiwi, mpaka betri yake ikaisha.

Tabibu Mgaza alipiga Jumapili, saa nne asubuhi. Walimzika Jumatatu, kwenye makaburi ya hospitali, wauguzi wakiwa wamevaa sare. Dihenga hakuwepo. Hapakuwa na usafiri.

*

Tai ilirudi siku ya ishirini na tatu, Ijumaa, na Bawa la Dhahabu likafunguliwa hadharani. Mheshimiwa Bambalawe alipofika kwenye hotuba yake, alisema kwamba namba zinachosha, afadhali atoe mfano mmoja. Akatoa karatasi. Yupo muuguzi, alisema, aliyeugua ghafla huko Ruhembo, na kwa mwitikio wa haraka wa wizara alirushwa mjini siku moja kabla ya ugonjwa wenyewe. Jambo hilo, kwa kadiri ya utafiti wake, halijawahi kufanyika popote duniani. Umati ulishangilia. "Na mumewe ni fundi wetu! Injinia Dihenga, inuka. Hongera kwa uzima wa mama!"

Watu waliokuwa karibu naye walimwinua. Alikuwa amevaa shati jeusi. Walimpigia makofi.

Wiki hiyo alikuwa ameomba cheti cha kifo cha mkewe mara mbili. Alijibiwa kwamba marehemu hawezi kuwa amefia Ruhembo, maana kumbukumbu zinaonyesha aliondoka Ruhembo Jumatano, dirishani.

Jumatatu alitoa pampu kutoka Tai, akairudisha Mbayuwayu, hatua arobaini zile zile. Alipomaliza alifungua kitabu cha ndege. Kitabu hicho kilikuwa cha ajabu katika nchi ile: kilifuata sheria za kimataifa, kurasa zake zilikuwa na namba, na hakuna aliyeruhusiwa kuchana wala kufuta. Wizara ilikuwa imekisahau, kwa kuwa hakikuwa na nafasi ya picha. Dihenga aliandika kwa herufi kubwa: *Ndege hii haikuruka Jumatano nne. Pampu ya mafuta ilikuwa Tai. Niliitoa mimi, Athanas Dihenga, kwa amri ya waziri iliyoambatishwa. Ijumaa ilihitajika Ruhembo kwa mgonjwa, haikuwepo. Mgonjwa ni Skolastika Dihenga, muuguzi. Amefariki.* Akabandika amri yenye mwandiko mzuri. Akasaini.

Kesho yake barua ilifika. Haikuwa ya kumfukuza. Nchi ile haikumfukuza mtu. Alipandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa Ndege Zinazotarajiwa, kuanzia Alhamisi, ofisi itapatikana. Ufundi wa ndege mbili zilizopo ulikabidhiwa shemeji yake waziri, mtaalamu wa matrekta mwenye sifa nyingi, ambaye siku hiyo hiyo alikuja karakana na kuuliza ule ubao wa spana unaning'inizwa kwa nini, wakati zingekaa vizuri tu kwenye ndoo.

Jumatano ilikuwa bado ya Dihenga. Alisaini Mbayuwayu, akapanda nayo.

Ruhembo ndege hukaa chini dakika arobaini. Kwenda makaburini ni dakika kumi na tano, na kurudi kumi na tano. Tabibu Mgaza alimwonyesha, akamwacha peke yake. Udongo ulikuwa bado haujashuka. Wauguzi walikuwa wamepanga mawe meupe pembeni. Dihenga alitoa pakiti ya majani ya chai mfukoni, hakujua aiweke wapi, akaishikilia muda, halafu akairudisha mfukoni. Aliinama, akasawazisha jiwe moja lililokaa upande, akakuta dakika zake kumi zimekwisha.

Ndani ya ndege wagonjwa walikuwa wamejaa, wa wiki nne. Kiti pekee kilichobaki kilikuwa pembeni ya bibi mmoja aliyefungwa bandeji shingoni, ambaye hakuwahi kuona ndege kwa karibu. Injini zilipowaka alimkamata Dihenga mkono.

"Baba, hiki kitu ni kizima kweli?"

Dihenga alifumba macho, akasikiliza ya kulia, akasikiliza ya kushoto.

"Kizima, bibi."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye fundi wake."

Bibi alimtazama usoni, akaona machozi, akadhani ni ya uzee. Mkono wake ukalegea kidogo. "Basi na mimi Jumatano ijayo nitarudi nacho," alisema. "Siku hiyo nayo kitakuwa kizima?"

Mbayuwayu ilianza kukimbia uwanjani. Dihenga aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Leo ni kizima, bibi," alisema. "Leo."